Ujira wa Tabibu wa Akili

Kuna swali ambalo watu wetu huliuliza vibarazani na kulijibu kabla halijamalizika kuulizwa: Je, wale wanaotibu maradhi ya akili, yaani madaktari, wauguzi na washauri nasaha, hutibu kwa kuwa wanamhurumia mgonjwa, au hutibu kwa kuwa wanalipwa? Mwenye kuuguza, akiisha kulipa mara tatu asione nafuu, husema: "Hawa wataka fedha tu." Na mwenye mtoto aliyeisomea kazi hiyo hujibu: "Hawa wana wito, kazi yao ni ibada." Majawabu yote mawili ni mepesi, na yote mawili humdhuru mgonjwa. La kwanza humkimbiza katika dawa inayoweza kumfaa. La pili humpa mwajiri udhuru wa kutomlipa tabibu, kana kwamba mwenye wito hana watoto wa kusomesha wala kodi ya nyumba.

Yatupasa basi tulitazame jambo hili kwa insafu, bila ya kumpaka mtu matope na bila ya kumvika mtu kilemba cha ukoka.

Msomaji wa Mombasa au Lamu asistaajabu tukianza mbali na bahari, tukampeleka Githongo. Ni mji mdogo wa Imenti ya Kati, katika kaunti ya Meru, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Wenyeji wake wengi ni wakulima wa chai na kahawa, na kiwanda cha chai kilichoko huko huitwa kwa jina la mji wenyewe. Mkulima wa chai hulipwa kidogo kila mwezi kwa kilo za majani alizopeleka. Kisha mara moja kwa mwaka, hesabu zikiisha kufungwa, hupata malipo ya pili ambayo watu huyaita bonasi. Karo ya shule, mabati ya nyumba na madeni ya dukani, yote huingojea bonasi. Maradhi ya akili hayaingojei.

Tumeuchagua mji huu kwa makusudi. Katika miji mikubwa swali letu hufunikwa na wingi wa mambo: huku zahanati za binafsi zenye viti laini, huku wodi za serikali zilizojaa, na kila msemaji huchukua mfano unaomfaa. Lakini katika mji wa wakulima hapana anayetajirika kwa wazimu wa mwenziwe, na kwa hivyo mtu aweza kuona vizuri zaidi fedha inafanya nini na nini haifanyi.

Tuseme kijana wa mkulima mmoja aanza kusikia sauti wasizozisikia wengine. Usiku halali, mchana huwashuku wazazi wake kwamba wamtilia sumu katika chakula. Wamchukue wapi? Githongo kuna hospitali ya serikali, na huko atapokewa na afisa wa kliniki au muuguzi ambaye foleni yake ina wajawazito, wenye homa na waliovunjika mifupa. Akihitaji zaidi atapelekwa hospitali kuu ya rufaa katika mji wa Meru. Na akizidiwa kabisa, Nairobi, hospitali ya Mathari, safari ya zaidi ya kilomita 200. Kwa sensa ya 2019 kaunti ya Meru ilikuwa na watu zaidi ya milioni moja na nusu, na Kenya nzima zaidi ya milioni 47. Wakati jopo la serikali lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipotoa ripoti yake juu ya afya ya akili mwaka 2020, madaktari bingwa wa maradhi hayo katika nchi nzima walikuwa kama mia moja tu, na wengi wao walikuwa Nairobi na miji mingine mikubwa.

Hesabu hii yatupa sehemu ya kwanza ya jawabu. Madaktari wako palipo na hospitali kubwa, palipo na wateja wenye bima, palipo na shule nzuri za watoto wao. Kwa hiyo fedha yaeleza vizuri sana tabibu amekaa wapi. Lakini haielezi anafanya nini akiisha kukaa. Muuguzi wa mashambani ambaye mshahara wake ni ule ule, amsikilize mgonjwa au amfukuze, huyo hasukumwi na fedha kumsikiliza. Na wapo wanaosikiliza, na wapo wanaofukuza. Daktari wa mjini alipwaye kwa saa, naye vile vile: wapo wanaomtazama mgonjwa usoni, na wapo wanaoitazama saa. Mshahara ni mmoja na mwenendo ni namna mbili. Basi mshahara peke yake si sababu ya mwenendo.

Hapa atasimama mtu aseme: "Kama ni hivyo, aliye mwema atibu bure, nasi tutamjua kwa alama hiyo." Kauli hii yapendeza masikioni, lakini si ya haki. Kuchukua ujira kwa kutibu si aibu wala si haramu. Imepokewa katika Hadithi sahihi khabari ya masahaba waliokuwa safarini, wakafika kwa watu waliowanyima ukarimu. Kisha mkuu wa watu wale akaumwa na nge, wakaja kuomba msaada. Sahaba mmoja akakataa kumtibu ila kwa ujira, wakapatana kundi la kondoo. Akamsomea, na yule mtu akainuka. Masahaba wakasita kugawana kondoo wale mpaka walipomwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, naye akawaruhusu. Katika kisa hiki yafaa tuyaangalie mambo mawili. Kwanza, ujira ulitajwa wazi kabla ya kazi. Pili, waliolipa ndio waliokuwa wakimwangalia mgonjwa wao kwa macho yao, wakaona amepona.

Haya mambo mawili, bei ya wazi na mlipaji anayeona, ndiyo yanayoufanya ujira uwe wa haki katika kazi nyingi za wanadamu. Mshona viatu akikushonea vibaya, mguu utakwambia, na mara ya pili hutamwendea. Tamaa yake ya fedha yamlazimisha ashone vizuri. Lakini mwaka 1963 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, Kenneth Arrow, aliandika makala mashuhuri akaonyesha kwamba matibabu hayafanani na kiatu: mnunuzi hajui anachonunua, na muuzaji ndiye huyo huyo anayemwambia anahitaji nini. Kwa hivyo biashara ya kawaida haiwezi kumlinda mgonjwa. Hana budi kumwamini tabibu.

Na kama hivyo ndivyo ilivyo kwa mwenye kuumwa na tumbo, basi kwa mwenye kuumwa na akili ni zaidi, kwa njia tatu. Ya kwanza, mara nyingi yeye mwenyewe hakuomba kutibiwa. Ameletwa, pengine kwa kamba. Ya pili, akilalamika kwamba ametendewa vibaya, malalamiko yake huhesabiwa kuwa ni sehemu ya maradhi. Akisema, "Nimepigwa," watu husema, "Ndio wazimu wenyewe." Ya tatu, na hii ndiyo kubwa, mlipaji si yeye. Hulipa baba, au mume, au serikali, au kampuni ya bima. Basi tabibu anatibu mtu mmoja na anapokea fedha kwa mtu mwingine, na hapo katikati ndipo khiana hupata nafasi ya kuingia.

Kwa maoni yetu hapa ndipo lilipo swali lenyewe. Tusiulize tu kama tabibu anapenda fedha, nani asiyeipenda? Tuulize: fedha yake yatoka mkono gani, na mwenye mkono huo ataka nini?

Tuanze na sisi wenyewe wa pwani. Mtu wetu akishikwa na maradhi ya akili, mara nyingi hatupelekwi kwanza hospitali ya Port Reitz kule Mombasa, yenye wodi ya wagonjwa wa akili kwa miaka mingi. Hupelekwa kwa mganga wa pepo. Mganga hufukiza ubani, hupandisha, kisha pepo husema kwa kinywa cha mgonjwa: ataka pete, ataka nguo nyekundu, ataka karamu. Hupewa. Baada ya miezi miwili hurudi, ataka zaidi. Hatukatai kwamba wapo katika hawa wanaokaa na mgonjwa kwa upole, wakamkusanyia jamaa zake wote, na upole una nguvu zake katika kutuliza nafsi. Lakini utazame mpango wa malipo: maradhi yakiisha, malipo yamekwisha, pepo akirudi, malipo yamerudi. Mwenye kulipwa kwa kurudi kwa pepo, ni nani atakayemhimiza pepo asirudi?

Wala asidhani mtu kwamba haya ni ya waganga wasiosoma tu. Marekani, katika miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990, kampuni iitwayo National Medical Enterprises ilikuwa na mahospitali mengi ya maradhi ya akili. Ilishtakiwa kwamba ililipa watu ili wailetee wagonjwa, na kwamba wagonjwa walilazwa pasipo haja na kuwekwa humo maadamu bima yao yalipa. Mwaka 1994 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 379 kumaliza mashtaka ya serikali. Madaktari wa huko walikuwa na shahada, na kuta zilikuwa nyeupe. Lakini mpango wa malipo ulikuwa ni ule ule wa pepo na pete. Aliyemfuata mgonjwa hakuwa mgonjwa, ilikuwa ni bima yake. Bima ikiisha, huonekana amepona.

Labda mtu aseme: "Basi mlipaji na awe serikali, serikali haitafuti faida." Hapo turudi Meru na Embu, tuisome tarikhi ya watu wa huko, kwani inatufunza jambo ambalo watu wa pwani huenda hawalijui. Mathari, ile hospitali ambayo mgonjwa wa Githongo hupelekwa mwishoni, ilianza mwaka 1910 kama nyumba ya wendawazimu ya Nairobi. Tangu 1938 hadi 1950 mkuu wake alikuwa daktari Mwingereza, J. C. Carothers. Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilimwita aandike ripoti juu ya nafsi za watu wa Mau Mau. Akaandika, na mpiga chapa wa serikali akaichapa. Mambo ambayo watu wenyewe waliyasema waziwazi, kwamba wamenyang'anywa ardhi na kudharauliwa katika nchi yao, katika ripoti ile yaligeuka kwa sehemu kubwa kuwa ni msukosuko wa akili za watu walioacha mila zao na hawajafika kwingine. Naye aliunga mkono kuwakusanya watu vijijini. Vijiji hivyo ni vile vya lazima, ambamo tangu mwaka huo huo zaidi ya watu milioni moja, Wakikuyu wengi wao, pamoja na Waembu na Wameru, walihamishiwa, wakazungushiwa boma na kuwekewa amri za kutotoka.

Hatusemi kwamba Carothers alihongwa. Jambo lenyewe ni baya kuliko hongo, kwa sababu laweza kumpata mtu mwaminifu. Aliyeuliza swali alikuwa serikali. Aliyengoja jawabu alikuwa serikali. Na wale waliokuwa wakipimwa akili hawakumwita, wala hawakuwa na njia ya kumjibu. Tabibu aliyezoea kusikiliza upande mmoja hatimaye huona upande huo ndio wenye akili timamu. Basi mkono wa serikali nao si salama kwa kuwa tu ni wa serikali.

Sasa twende upande wa pili, kwa wale wanaosema kwamba tabibu wa kweli hana haja ya fedha. Daktari wa Vienna, Sigmund Freud, ambaye mafundisho yake mengine hatuyakubali, alisema katika jambo hili kitu kinachostahili kusikilizwa. Mwaka 1913 alieleza kwamba kwa muda wa kama miaka kumi alikuwa akitenga saa moja kila siku, pengine mbili, kuwatibu watu bure, na akaona kutotoza malipo huzidisha ugumu wa kumponya mgonjwa: mwingine huona haya, mwingine hukasirika kwa kufadhiliwa, mwingine hapati sababu ya kutaka matibabu yaishe. Lakini mtu huyo huyo, mwaka 1918 mjini Budapest, alisema kwamba iko siku maskini nao watakuwa na haki ya kutibiwa nafsi zao kama wanavyotibiwa miili, na bila ya malipo. Na wanafunzi wake wakafungua zahanati ya namna hiyo Berlin mwaka 1920 na Vienna mwaka 1922. Hapa hapana kugongana. Katika zahanati zile kutibu kulikuwa na gharama. Lakini gharama haikumwangukia aliye dhaifu.

Nasi Kenya tumeliona jambo hili kwa macho. Tarehe 5 Desemba 2016 madaktari wa hospitali za serikali walianza mgomo uliodumu siku 100, hadi tarehe 14 Machi 2017. Walidai mapatano yaliyotiwa saini mwaka 2013 na ambayo hayakutekelezwa. Siku ile ya kwanza iliripotiwa kwamba wagonjwa zaidi ya mia moja wametoroka Mathari, kwa kuwa waliokuwa wakiwaangalia walikuwa wameweka kazi chini. Watu wengi walisema: "Mwaona? Ni fedha tu." Lakini katika mapatano yale mlikuwa na mishahara, na mlikuwa pia na vifaa, na saa za kazi, na idadi ya madaktari. Mwenye kumwambia tabibu, "Wewe una wito, vumilia," na hali yeye mwenyewe ameweka saini na hakutimiza ahadi, huyo ameugeuza wito kuwa mnyororo. Na kwa upande mwingine, mgonjwa aliyepanda ukuta wa Mathari siku ile hakuwa ameweka saini yoyote, wala hakuvunja ahadi na mtu. Yeye ndiye aliyelipa. Haki ya tabibu ni haki. Lakini ikidaiwa kwa kumwacha asiyeweza kujitetea, mdai hana budi kujua ni nani anayemdai kwa hakika.

Wapo, ni kweli, watu wanaotumikia bila ya mshahara. Huko huko Imenti, mahali paitwapo Chaaria, mabruda wa Kikatoliki wa shirika la Cottolengo wana hospitali ya misheni, na pamoja nayo makao ya watu wenye ulemavu wa akili. Mabruda hao wameweka nadhiri ya ufukara. Dini yao si yetu, lakini insafu yatutaka tukiri wema pale tunapouona. Hata hivyo, hatuwezi kuijenga afya ya watu wa nchi nzima juu ya mabega ya wenye nadhiri. Sheria na mipango ya mji hutengenezwa kwa ajili ya mtu wa kawaida, mwenye moyo mwema kiasi na tamaa kiasi, ambaye akiwekwa mahali pazuri hufanya vizuri, na akiwekwa pabaya huharibika.

Mtazame nahodha wa jahazi. Ameng'oa nanga kwa ajili ya nauli, hapana anayemlaumu. Kusi ikichafuka usiku wa manane, mkono wake ulioshika usukani haufikiri nauli, wafikiri mawimbi na watu walio ndani. Nauli ndiyo iliyomtoa bandarini. Iliyomshikisha usukani ni kitu kingine, nacho ni ujuzi, na haya mbele ya watu, na kumcha Mola wake, na mazoea ya amana. Lakini mpe nahodha huyo huyo tajiri anayemlipa zaidi kila safari inapochelewa, kisha utazame baada ya miaka mitano kama usukani bado umeshikwa kwa mkono ule ule. Fedha haitii huruma moyoni, lakini ikipangwa vibaya yaweza kuila huruma iliyokuwamo.

Wala tusidhani huruma hiyo hupatikana kwa shahada peke yake. Harare, nchini Zimbabwe, mwaka 2006 Dkt. Dixon Chibanda, alipoona madaktari bingwa wa akili ni wachache mno, aliwafunza wanawake wazee wa mitaani kukaa juu ya mabenchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye huzuni kuu, wakiwasaidia kutatua shida moja moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na wazee hawa walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata matibabu ya kawaida. Malipo ya wazee wale ni madogo. Lakini bibi mzee wa mtaa hukutana na mgonjwa wake sokoni na kisimani. Akimdharau, mtaa mzima utajua. Yeye hujibu mbele ya yule anayemtibu. Hicho ndicho tabibu wa Mathari na wa Port Reitz anachokikosa mara nyingi, naye si kwa kosa lake.

Tukiyakusanya haya yote, jawabu letu ni hili. Fedha humleta tabibu wa akili kazini, na kumleta huko ni halali na ni lazima. Asipolipwa, Githongo itabaki bila ya tabibu hata miaka mia. Lakini fedha haimfanyi amtibu mgonjwa; yaweza tu kumwacha amtibu, au kumzuia. Humzuia pale mlipaji anapopata faida kwa mgonjwa kutopona, au kwa mgonjwa kunyamaza. Humwacha huru pale ujira unapotosha, unapotajwa wazi, unapokuja kwa wakati wake, na unapotoka mkono usiofaidika na urefu wa maradhi.

Mkono wa namna hiyo si ndoto. Mwaka 1284 Sultani Qalawun alijenga Cairo hospitali kubwa iliyotibu matajiri na maskini, na wenye maradhi ya akili walikuwa na mahali pao humo. Madaktari walilipwa mishahara. Si na mgonjwa, wala si kwa kila kitanda, bali kwa mapato ya mali ya wakfu. Mwenye wakfu alikuwa amekwisha kufa. Hakutaka kitu kwa mgonjwa wala kwa tabibu ila thawabu. Mlipaji gani aliye salama kuliko huyo?

Nasi hatuwi watu wasiojua wakfu. Mombasa kuna Tume ya Wakfu tangu zama za Waingereza, na kuna majumba, mashamba na maduka yaliyowekwa wakfu na wazee wetu. Mengi katika hayo ni ya misikiti na ya jamaa, na ni kheri. Lakini ni wangapi katika matajiri wetu wa leo walioweka hata duka moja ili kodi yake imlipe muuguzi wa wagonjwa wa akili, au imnunulie dawa ya mwezi yule aliyetoka Port Reitz na hana kitu? Twatoa malaki kwa arusi ya siku tatu. Twamlisha pilau mtaa mzima kwa hitima ya mtu ambaye, alipokuwa hai na akili imemtoka, tulimfungia chumba cha uani ili wageni wasimwone.

Tena yatupasa tuwe mashahidi wa wagonjwa wetu. Sheria ya Kenya ya Afya ya Akili ya mwaka 1989, kama ilivyorekebishwa mwaka 2022, yatambua haki ya mgonjwa kushirikishwa katika matibabu yake na kuwa na mwakilishi wa kumsemea. Haki hii haina maana kama jamaa humtupa mgonjwa mlangoni na kurudi mwezi ujao kuuliza kama amekufa. Nenda umtazame. Uliza dawa yake yaitwaje na yafanya nini. Mwulize yeye mwenyewe, si muuguzi peke yake, ametendewa vipi. Na akikwambia amepigwa, usiwe wewe wa kwanza kusema ni wazimu. Tabibu mwema atafurahi kuwa na shahidi, na asiye mwema ataogopa. Nawe utawatambua kwa hilo upesi kuliko kwa bei zao.

Basi mwenye kuuguza, awe ni mkulima wa Githongo anayeingojea bonasi au mchuuzi wa Kisauni, asimhukumu tabibu kwa kuwa amechukua fedha, wala asimwamini kwa kuwa hakuchukua. Na aulize maswali matatu: ni nani anayemlipa, amlipa kwa ajili ya nini, na malipo yake yatakoma siku gani? Akiona kwamba malipo yatakoma siku mgonjwa atakapopona, na kwamba hapana mwingine wa kumwangalia, basi na aangalie yeye. Na sisi wengine, kabla hatujauliza tena vibarazani kama madaktari wanapenda fedha, na tuulizane sisi kwa sisi: fedha yetu tunayoipenda, tumeitoa kiasi gani kwa ajili ya aliyepoteza akili?